Mbao ya zamani bado huliwa na wadudu

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu ya WhatsApp: mbao iliyotoka nyumba ya babu imekauka, haiingii mdudu, itengenezeni fremu ya picha moja kwa moja. Si kweli.

Chanzo cha mkanganyiko kinaeleweka. Mchwa wetu wengi hufuata unyevu, na moyo wa mvule, mti unaojulikana sana Magharibi mwa Kenya, hudumu miaka mingi. Lakini bungua, mdudu anayetoboa mbao, hula mbao kavu, hasa ile sehemu nyeupe iliyokuwa karibu na gome, kwa sababu ina wanga. Kiluwiluwi chake huweza kuishi ndani kwa miezi, hata miaka, huku juu pakionekana pazima.

Kabla ya kumpelekea fundi wa Kibuye, Kisumu, gongagonga ubao juu ya karatasi nyeusi. Vitundu pekee huenda ni vya zamani. Pangusa, uache wiki chache. Ukikuta unga laini mpya, wadudu wangali hai. Utenge na fanicha nyingine, kisha utibiwe kwanza. Joto la nyuzi 56 hadi katikati ya ubao kwa dakika 30 huwaua.

Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze. Ubao wa babu ukishaliwa, hakuna duka linalouza mwingine.