Ostalgie ni nini?

Ostalgie ni neno la Kijerumani lililounganishwa kutoka mawili: Ost, yaani mashariki, na Nostalgie, hali ya kuyatamani ya zamani. Linamaanisha kuyakumbuka kwa hamu maisha ya Ujerumani Mashariki, nchi iliyokuwepo tangu 1949, ikatawaliwa na chama cha kikomunisti karibu uhai wake wote, hadi ilipoungana na Ujerumani Magharibi tarehe 3 Oktoba 1990. Ndiyo nchi iliyosaidia kujenga nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani, Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964.

Wengi hudhani mwenye hamu hiyo anataka utawala ule urudi. Mara nyingi sivyo. Anachokililia ni kabati la jikoni kwao. Tarehe 1 Julai 1990 fedha ya Magharibi ilianza kutumika Mashariki, na bidhaa za Magharibi zikajaa madukani. Sabuni, kahawa na achari ya matango ambayo watu walikua nayo vikapotea kwenye rafu, tena kwa haraka ya kushangaza.

Si kwamba vilikuwa vingi hapo awali. Trabant, kigari chenye bodi ya plastiki ngumu iliyotiwa mabaki ya pamba, ulikiagiza na kukisubiri zaidi ya miaka kumi. Kulikuwa na neno Bückware, yaani bidhaa ya kuinamia: muuzaji ameificha chini ya kaunta, na anainama kuitoa akifika mtu wake. Adha hizo nazo sasa husimuliwa kwa kicheko.

Jijini Berlin, kando ya mto Spree, kuna makumbusho ya DDR Museum (DDR ni kifupi cha jina la Kijerumani la Ujerumani Mashariki), yaliyofunguliwa Julai 2006. Humo unaruhusiwa kugusa: unavuta droo, unakaa ndani ya Trabant, unaingia sebuleni kama mgeni wa jioni. Kisha unafika kwenye chumba cha mahojiano na selo, maana Stasi, polisi wa siri, walitega masikio hata majumbani. Bila selo ile, nadhani, sebule ingekuwa uongo mtamu.

Mfano ninaoupenda zaidi uko barabarani. Taa za waenda kwa miguu za Mashariki zilikuwa na kijitu kinene chenye kofia. Kilipoanza kuondolewa miaka ya 1990, watu walipiga kelele. Kikabaki, na leo kinavusha watu hata Berlin ya magharibi.