Barabara Tulivu za Vilima vya Siena: Namna Ninavyozitafuta

Swali ninaloulizwa zaidi na waendesha baiskeli wanaotaka kuja Toscana, jimbo la Italia, ni hili: barabara isiyo na magari inapatikanaje katika nchi ambayo karibu kila nyumba ina gari? Kazi yangu ni kupanga njia za baiskeli katika mkoa wa Siena, na jibu ninalolitoa huwashangaza wengi, kwa kuwa huwaambia waanze kwa kuitafuta barabara kubwa. Wakishaiona ile ya njia nne iliyohamiwa na malori na watu wenye haraka, wajiulize watu walipita wapi kabla haijajengwa. Mara nyingi ile ya zamani bado ipo, ina lami, ina vibao, mkoa unaitunza, ila haina tena kazi ya kuunganisha miji mikubwa.

Mfano ninaoupenda ni Lauretana. Jina linatokana na Loreto, mji wa mahujaji ulio upande wa Bahari ya Adria, kwa kuwa wenyeji wa Siena waliokwenda kuhiji huko walipita humu kuelekea Cortona. Ramani za leo huiandika SP438, nayo hutoka viungani mwa Siena hadi mji mdogo wa Asciano. Upande wa kaskazini, umbali usio mkubwa, ipo barabara ya kasi iendayo Bettolle, ambayo ndiyo inayobeba safari zote za kwenda bonde la Chiana na barabara kuu ya Roma. Anayekwenda mbali hana sababu ya kupita Lauretana. Wanaobaki ni wakulima, watu wa Asciano wenyewe, na watalii wachache wanaosimama kila baada ya kona kupiga picha.

Kwa nini hiyo ya zamani ipande na kushuka namna ile, badala ya kufuata bonde? Miji ya huku ilijengwa juu kwa sababu ya vita, na pia kwa sababu ya homa. Neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya, na mabonde yenye maji yaliyotuama yaliogopwa kwa karne nyingi. Basi njia zikashika migongo ya vilima, ambako ardhi ni kavu na macho yanaona mbali. Reli, viwanda na barabara za kasi zilipokuja zilichagua bondeni, kwenye tambarare, na magari yakazifuata huko. Mwendesha baiskeli akaachiwa migongo.

Kwenye ramani herufi husaidia. Barabara za malipo huanza na A, na baiskeli hairuhusiwi humo kabisa, kama isivyoruhusiwa katika barabara za kasi zenye vibao vya buluu zinazofanana nazo. SS ni za taifa, SR za jimbo, SP za mkoa. Mimi huishi kwenye SP na zile ndogo zaidi za manispaa. Lakini herufi peke yake hudanganya, na jambo hilo nililijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza niliwapangia wageni sita njia niliyoiona nyembamba na nzuri kwenye ramani, tukaianza saa moja na nusu asubuhi. Kumbe ile njia iliunganisha barabara mbili kubwa, na kila mfanyakazi aliyekuwa akichelewa kazini aliikata ili kuukwepa mzunguko wenye foleni. Magari yalitupita kwa nguvu huku vioo vyao vikikaribia kugusa viwiko vyetu. Mama mmoja katika kundi alishuka, akaisukuma baiskeli yake kwenye majani mpaka mwisho wa kilomita zile, wala sikumlaumu. Tangu siku ile, barabara ndogo inayounganisha kubwa mbili siiamini hata iwe nyembamba kiasi gani. Ninayoitaka ni ile inayozunguka na kukuchelewesha, ambayo dereva mwenye haraka angeiona ni upuuzi.

Kwa sababu hiyohiyo sijawahi kuwa mpenzi mkubwa wa Chiantigiana, yaani SR222 itokayo Firenze kupitia Greve na Castellina, ingawa kila kitabu cha watalii huisifu. Ni kweli kwamba barabara ya kasi ya Firenze hadi Siena imeiondolea malori, na ni kweli kwamba mizabibu iko pande zote. Hata hivyo, Jumapili ya kiangazi pikipiki huitumia kana kwamba ni uwanja wa mashindano. Siku ya kazi mwezi wa Aprili ni habari nyingine.

Nirudi Lauretana, maana hapo ndipo ninapopeleka watu siku ya kwanza. Ukishalivuka bonde la mto Arbia unaanza kupanda, na baada ya kona chache miti inakwisha. Unajikuta kwenye Crete, vilima vya udongo wa mfinyanzi wa rangi ya kijivu, ambao ulikuwa tope la sakafu ya bahari zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Hapa na pale vimetokeza vichuguu vyeupe visivyoota kitu, vilivyopakwa chumvi inayopanda juu kadiri udongo unavyokauka. Mwezi wa Mei kila kitu ni kijani cha ngano. Mwezi wa Julai kimevunwa na kuwa rangi ya mchanga. Vuli trekta likishapita, kilima kizima kinakuwa mabonge makubwa ya kijivu yanayong'aa mahali jembe lilipoyakata. Barabara inakwenda juu ya mgongo, inashuka ghafla, inapanda tena. Huonekana nyepesi kwa mbali, lakini vile vilima vifupi vikijumlishwa huichosha miguu kuliko mlima mmoja mrefu, kwa sababu hupati mwendo ukaushika.

Udongo huo unatembea. Mvua kubwa ikinyesha, ukingo wa lami hupasuka na kukaa chini kidogo, ndiyo maana huwaonya wageni watazame vibao vya maporomoko na wasiteremke kwa kasi kwenye kivuli, ambako ufa hauonekani.

Kabla ya Asciano zipo njia za pembeni zisizo na lami, ambazo wenyeji huziita strade bianche, barabara nyeupe. Sisi tuliokulia kwenye vumbi jekundu tunazitambua mara moja: mawe madogo, makorongo yaliyochimbwa na maji, na mawimbi yale yanayotikisa mikono kwenye mteremko. Tofauti ni rangi, na kwamba hapa zinapendwa. Nyingi zilihudumia nyumba za wakulima waliogawana mazao na mwenye shamba, mfumo ambao sheria ya mwaka 1964 ilipiga marufuku mikataba yake mipya. Wakulima walikuwa wameshaanza kuhamia mijini, nyumba zikabaki tupu, na hakukuwa na sababu ya kumwaga lami. Baadaye palipokuwa na nia ya kuzimwagia, watu wakakataa. Mwaka 1997 huko Gaiole zilianza mbio za hiari ziitwazo L'Eroica, za baiskeli za kizamani, na kuzilinda njia hizo kulikuwa sehemu ya kusudi lake. Mwaka 2007 yakafuata mashindano ya wanariadha wa kulipwa, ambayo sasa yanaitwa Strade Bianche na humalizikia kwenye uwanja mkuu wa Siena. Kipande cha Monte Sante Marie, chenye kilomita 11 na zaidi karibu na Asciano, kimepewa jina la Fabian Cancellara, aliyeshinda mara 3. Ni kipande kigumu. Nakipenda, lakini simpeleki mtu huko baada ya mvua, kwa kuwa tope lile hujaa kati ya tairi na fremu likalizuia gurudumu lisizunguke. Tairi la milimita 32 lenye upepo usiokaza sana linatosha wakati wa ukavu.

Kuhusu gia, huwaomba wageni wanitumie idadi ya meno kabla hawajaja, na wengine huona nawadharau. Hesabu ni hii. Mtu wa kilo 75, pamoja na baiskeli na vifaa vya kilo 10, akipanda mwinuko wa asilimia 10 kwa gia ya mbele yenye meno 34 na ya nyuma yenye meno 34, kila mzunguko wa pedali humsogeza mita 2.1. Akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, anakwenda kilomita 7.5 kwa saa, na kuushinda uzito peke yake kunamgharimu wati 175 hivi. Mtu huyohuyo akija na meno 39 mbele na 25 nyuma, kwa mizunguko ileile analazimika kwenda karibu kilomita 12 kwa saa, na gharama inapanda hadi wati 270. Hizo hana, kwa hiyo atakanyaga polepole, magoti yatalia, na siku ya tatu atabaki hotelini.

Saa nazo zina utulivu wake. Kati ya saa saba na saa tisa mchana Waitaliano wanakula, maduka ya vijijini yanafungwa, na hata barabara yenye magari asubuhi hubaki tupu. Nunua mkate kabla ya hapo, na jaza maji kwenye bomba la kijiji, mradi halina kibao cha non potabile, yaani maji yasiyofaa kunywa. Kwa misimu nachagua Aprili, Mei, Septemba na Oktoba. Vuli ina jambo lake: sheria ya uwindaji ya mwaka 1992 hufungua msimu Jumapili ya tatu ya Septemba hadi Januari 31, lakini inakataza kuwinda Jumanne na Ijumaa. Njia zangu za msituni nazipanga siku hizo mbili, kwa kuwa sipendi kukutana na watu wanaomsaka ngiri kwenye kona.

Kutoka Asciano nashika SP451, inayopanda hadi Monte Oliveto Maggiore, abasia iliyoanzishwa mwaka 1313, yenye matofali mekundu katikati ya miti ya saiprasi na korongo za udongo. Huwa nawapumzisha wageni hapo nusu saa. Wengine huingia kutazama michoro ya ukutani ya wachoraji Signorelli na Sodoma, wengine hulala nyasini. Kisha ni mteremko hadi Buonconvento, na hapo lazima uamue. Barabara ya Cassia inakurudisha Siena moja kwa moja, ila imefuata bonde la Arbia na ina malori, kwa hiyo simshauri mtu. Mwenye nguvu zake avuke upande wa magharibi, apande vilima vya Murlo na kurudi kwa barabara nyeupe ya kijiji cha Radi. Waliochoka huwapeleka kwenye kituo kidogo cha reli cha Buonconvento, tukanunua tiketi za watu na za baiskeli, tukatafuta behewa lenye alama ya baiskeli mlangoni.