MMA inahitaji mtoano, ila ratiba ipangwe kwa kichwa cha mpiganaji

Vijana wangu wa judo wana swali moja wanalirudia kila baada ya pambano kubwa la UFC, ile kampuni kubwa ya MMA, yaani mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka, na huliuliza na usingizi machoni maana kwa saa zetu mechi kuu zinaanza alfajiri ya Jumapili, mtu akitoka msikitini ndo anafungua simu. "Sensei, hivi huyu kapewa kugombania mkanda kwa msingi gani?" Swali la haki kabisa. Hawa ni watoto waliozoea kwamba ukitaka medali unapangiwa droo, unashinda, unaingia robo fainali, unashinda tena, na hakuna mtu anaeweza kukuambia wewe huna mashabiki wa kutosha kwahiyo kaa pembeni. Wakitizama MMA ya kulipwa wanaona mchezo mkubwa duniani ambao mtu anaweza kushinda miaka na bado mlango usifunguke.

Mimi nafundisha judo na mapambano ya chini hapa Unguja, na nimekaa kwenye kona, yaani upande wa makocha wanaomhudumia mpiganaji na kumtoa akizidiwa, za vijana wa kickboxing na MMA ya ridhaa vya kutosha kujua nini kinatokea kwa mtu baada ya kengele ya mwisho, wakati kamera zishazimwa. Kwahiyo jibu langu lina pande mbili na zote mbili nnazisema kwa nguvu ileile: ndio, MMA ya kulipwa ipangwe kama mashindano ya michezo mengine, na hapana, sio kwa kunakili ligi ya mpira kama ilivyo.

Kwanza tuelewe sasa hivi inakwendaje. UFC ina orodha ya ubora kwa kila uzito, orodha hiyo ilianza 2013 na inapigiwa kura na waandishi wa habari, lakini orodha haimlazimishi mtu kitu. Anaeamua nani apigane na nani ni kampuni, na kampuni hiyohiyo ndo mwenye mkanda, mwenye mkataba wa mpiganaji, mwenye tiketi na mwenye haki za televisheni. Namba mbili anaweza kurukwa akapewa namba sita, bingwa anaweza kukaa mwaka na zaidi bila kutetea, na hakuna pahala pa kukata rufaa.

Mtizame Belal Muhammad, ambae hapa mitaani anapendwa sana na kila mtu anajua kwa nini, bendera ya Palestina haimtoki mabegani. Tangu Januari 2019 mpaka anachukua mkanda hakupoteza pambano. Mei 2023 akampiga Gilbert Burns, watu wote tukajua anaefata kwa Leon Edwards, bingwa wa wakati ule, ni yeye. Disemba 2023 nafasi kapewa Colby Covington, mtu ambae mara ya mwisho alikuwa ulingoni Machi 2022, na Belal akawekwa akiba usiku ule endapo mmoja wao ataumia. Ikabidi asubiri mpaka Julai 2024, Manchester, na alipopewa nafasi akashinda akachukua mkanda. Kuna wapiganaji wangapi umri wao umepita wakisubiri hivyohivyo, na wao hawakupata hata hiyo siku moja?

Uzito wa juu ndo ilikuwa wazi zaidi. Jon Jones alichukua mkanda Machi 2023. Tom Aspinall akachukua mkanda wa muda, ule wa kushikilia nafasi wakati bingwa hapigani, Novemba 2023, akautetea huo mkanda wa muda Julai 2024, mkanda wa muda unatetewa! Jones aliporudi Novemba 2024 akapigana na Stipe Miocic mwenye miaka 42, na Juni 2025 akastaafu. Aspinall akatangazwa bingwa kamili bila hawa wawili kukutana hata dakika moja. Pambano ambalo dunia nzima ilikuwa inalitaka, na wote wawili wapo chini ya kampuni moja, halikufanyika kwa sababu hakuna ratiba yoyote iliyokuwa inawasukuma wakutane.

Mtu wa Zanzibar hahitaji kufundishwa thamani ya ratiba inayosukuma. Fainali ya Kombe la Mapinduzi 2024, Mlandege na Simba, New Amaan. Ukiuliza promota nani auze tiketi atakwambia Simba bila kufikiri, wana mashabiki, wana pesa, wana kila kitu. Droo haikuuliza hayo. Mlandege wakashinda moja bila, na mwaka wa nyuma yake walikuwa washalichukua tena mbele ya Singida. Mpiganaji wa MMA anastahiki mlango kama ule, basi.

Sasa upande wa pili, na hapa ndo nnaomba mnisome taratibu, kwa sababu watu wengi wakisikia mtoano wanadhani ni kitu kipya. MMA ya kisasa ilizaliwa na mtoano. Novemba 1993 pale Denver, UFC ya kwanza kabisa ilikuwa watu wanane usiku mmoja, hakuna mgawanyo wa uzito, na Royce Gracie akashinda mapambano matatu usiku huohuo. Ikapendeza sana kwa macho. Lakini Septemba 1994, UFC ya tatu, Royce alimshinda Kimo Leopoldo kwa tabu mpaka akashindwa kuendelea na pambano linalofata, Ken Shamrock nae akatoka kwa kuumia, na akaingizwa mtu wa akiba, Steve Jennum, polisi kutoka Nebraska, akapigana pambano moja tu la fainali na akatangazwa bingwa wa mashindano. Simlaumu Jennum, aliitwa akaja. Lakini mashindano yanayotoa bingwa wa namna hiyo hayajapima nani bora, yamepima nani hakuchoka.

Kule Japani PRIDE, kampuni ya MMA ya huko, wakafanya mabaya zaidi na bado watu tunayasifia. Mei 2000 Kazushi Sakuraba alipigana na Royce Gracie dakika 90, raundi sita za dakika kumi na tano, akashinda, halafu usiku uleule akatolewa tena kupigana na Igor Vovchanchyn, mtu mzito kuliko yeye na mwenye ngumi za kuvunja ukuta, akapigana nae raundi nzima ya dakika kumi na tano mpaka kona yake ikamtoa. Ushujaa upo, sibishi. Ila mimi kama kocha nikiiangalia ile video naona kona ambayo haikutakiwa kuwekwa kwenye uamuzi ule toka mwanzo.

Watu wa judo mtaniambia mbona sisi tunapigana mara nne tano siku moja? Kweli, na hii ndo tofauti ambayo wanaopanga mashindano hawaitilii maanani. Judo mechi ni dakika nne, hakuna ngumi wala teke la kichwa. Kijana akitoka kwenye mechi ngumu ya judo amechoka misuli, mikono imejaa, akipumzika akinywa maji anarudi. Ubongo ni kitu chengine. Ukipigwa kichwani ubongo unatikisika ndani ya fuvu, seli zake zinavurugika namna zinavyotumia nguvu, na hali hiyo haiishi usiku mmoja, inachukua siku na mara nyingi wiki. Mtu anaweza kuongea vizuri, kucheka, kukumbuka jina la mama yake, na bado ndani hajapona, na pigo la pili likija kabla hajapona hata likiwa dogo linaharibu zaidi kuliko la mwanzo. Ndo maana tume za michezo kule Marekani mtu akipigwa KO wanamfungia asipigane, mara nyingi siku 60, na ikiwa kuna shaka wanaandika 180 mpaka daktari amruhusu. Misuli unaweza kuipangia ratiba ya siku moja. Kichwa hukipangii, kichwa ndo kinakupangia wewe.

Tukija kwa PFL, kampuni nyengine ya MMA ya Marekani, hawa ndo walojaribu kwa dhati kabisa. Walianza 2018 na msimu kamili: mechi za ligi, halafu mchujo, halafu fainali, bingwa wa kila uzito anachukua dola milioni moja. Kushinda pointi tatu, na ukimmaliza mtu raundi ya kwanza unaongezewa tatu, ya pili mbili, ya tatu moja. Ukifeli uzito unakatwa pointi. Nnakiri nilifurahi sana, mwisho kukawa na msimamo ambao mtoto anaweza kuusoma. Na ligi ile ilimpa Kayla Harrison njia. Yule dada ana dhahabu mbili za judo za Olimpiki, 2012 na 2016, akaingia PFL akachukua msimu wa 2019 na wa 2021, halafu fainali ya 2022 akafungwa na Larissa Pacheco, ambae Harrison mwenyewe alikuwa ashamshinda mara mbili nyuma. Hakuna aliepanga yale kwa ajili ya matangazo, msimu ulikuwa unawarudisha uso kwa uso wenyewe. Harrison baadae akaenda UFC na Juni 2025 akachukua mkanda kule pia, kwahiyo wanaosema ligi haitengenezi nyota hilo nawaachia.

Lakini mfumo wa pointi una kasoro moja ambayo kila nikikaa na makocha wenzangu naieleza. Kwenye ligi, mtu aliepigwa KO mwezi wa nne bado ana hesabu. Akirudi mwezi wa sita na akashinda raundi ya kwanza anapata sita, anaingia mchujo. Yaani mfumo wenyewe unampa sababu ya kuficha maumivu ya kichwa, kumdanganya daktari, kurudi mazoezini mapema, na kona nayo inaona milioni moja mbele. Kwenye mpira ukifungwa tano kwa bila Jumamosi unajifuta jasho Jumatano unacheza kiporo, hakuna neno. Kwenye ngumi kufungwa ni jeraha. Ndo maana mimi nipo upande wa mtoano na sio ligi, kwa sababu mtoano unamtoa yule alieumia zaidi, unamfungia hesabu, anakwenda nyumbani kupumzika bila kishawishi. Mchezo mzima haki na usalama vinagombana, hapa peke yake ndo vinakwenda njia moja.

Na PFL wenyewe misimu miwili ya mwanzo walikuwa wakipiganisha robo fainali na nusu fainali usiku mmoja, wakaja kuacha, na 2025 wakaiacha ligi yenyewe wakaingia mtoano wa moja kwa moja, ukipoteza umetoka. Mwaka huohuo wakaanzisha PFL Afrika, wakati huo Francis Ngannou, bingwa wa zamani wa UFC, ndo alikuwa mwenyekiti wake, nayo kwa mtoano.

Mtoano wa namna gani basi? Boksi wametupa mifano miwili mizuri, mmoja wa kufata na mmoja wa kuogopa. Super Six ilianza Oktoba 2009 ikamalizika Disemba 2011, watu sita, raundi ya makundi yenye pointi kwanza halafu nusu fainali, na njiani wakatoka Jermain Taylor, Mikkel Kessler na Andre Dirrell, wakaingizwa wengine, mpaka Andre Ward anashinda watu walikuwa washasahau ilianzaje. Halafu ikaja World Boxing Super Series 2017, watu wanane, mapambano matatu, kwisha. Oleksandr Usyk alipigana na Marco Huck Septemba 2017, Mairis Briedis Januari 2018, Murat Gassiev Julai 2018, akatoka na mikanda yote minne. Hesabu miezi baina ya pambano na pambano: minne, sita. Hakuna mtu aliebisha ubingwa wake.

Huo ndo ukubwa nnaoutaka kwa MMA. Watu wanane kila uzito, wanaingia kwa rekodi sio kwa kelele za mtandaoni, mapambano matatu ndani ya mwaka, na baina yake isipungue miezi mitatu. Akiba wawe wawili na wapigane wao kwa wao usiku wa robo fainali na wa nusu fainali, ili alieingizwa awe ameshinda kitu na asije kama Jennum. Bingwa wa mwaka ana lazima ya kukutana na mshindi wa mwaka unaofata, akikataa mkanda unaachwa mezani. Na mshindi apimwe kama alieshindwa, maana mshindi wa raundi tatu za vita anaweza kuwa ameumia kuliko yule aliekabwa dakika ya kwanza akagonga mkono.

Uzito nao. Mapambano matatu ni kupunguza uzito mara tatu, na mtu aliejikausha maji ubongo wake unapigwa ukiwa hauna kinga ya kawaida. ONE Championship, kampuni ya mapigano ya Asia, walibadilisha utaratibu wao baada ya Yang Jian Bing kufariki Disemba 2015 akiwa anapunguza uzito, wakaweka kipimo cha maji mwilini, kinachofanywa kwa mkojo. Judo tunapima jioni ya kabla, na asubuhi wanaitwa baadhi kwa bahati nasibu wasiwe wamezidi asilimia 5. Kipimo cha mkojo hakina gharama ya kutisha, hata klabu ndogo inaweza.

Nnaliandika hili sasa kwa sababu ya hapa kwetu. Ngumi zilikuwa marufuku Zanzibar tangu enzi za Mzee Karume, na ruhusa imerudi miaka ya karibuni tu chini ya Rais Hussein Mwinyi. Ina maana tunaanza na karatasi nyeupe, na vijana wa judo, karate na kickboxing washaanza kuuliza kuhusu kizimba cha MMA. Mapromota watakuja, na wengi watakuja na usiku mmoja wa watu wanane kwa sababu ni rahisi kuuza na ukumbi unalipwa mara moja. Kijana wangu akiletewa mkataba wa namna hiyo sitasaini kona. Akiletewa wa mapambano matatu yenye miezi mitatu katikati, kipimo cha kichwa kabla na baada, na gharama ya kipimo imeandikwa kwamba ni ya promota na sio ya mama yake kijana, hapo tukae tuzungumze pesa.