Macho hayana pazia, lakini ubongo unalo

Dereva akimgonga mwendesha bodaboda mchana kweupe kisha akasema hakumwona, watu humwita mwongo. Mara nyingi anasema kweli. Tumezoea kuamini kwamba jicho likielekea kitu, basi kitu hicho kimeonekana, na imani hiyo inagharimu maisha barabarani.

Dhana: Kilicho mbele ya macho lazima kionekane

Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya timu mbili zikipasiana mpira wa kikapu, wakawataka wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo aliingia mtu aliyevaa vazi jeusi la gorila, akajipiga kifua, akatoka. Alionekana kwa sekunde 9 hivi. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa. Waliohesabu pasi za timu yenye fulana nyeusi walimwona zaidi kuliko wale wa timu nyeupe, kwa sababu weusi ndio waliokuwa wakiufuatilia. Ubongo ukishapewa cha kutafuta, hupitisha kinachofanana nacho na kuchuja mengine.

Utaalamu haukingi. Mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake walipachika gorila ndani ya picha za CT (eksirei za kina) za mapafu, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida, yaani uvimbe mdogo unaotafutwa kwenye picha hizo. Kati ya wataalamu 24 wa radiolojia, yaani madaktari wa kusoma picha hizo, 20 hawakumwona, na kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kuwa wengi wao walikuwa wametazama pale pale alipo.

Ndivyo inavyokuwa kwenye makutano: anayetafuta magari huona magari. Kabla ya kuingia barabara kuu, jitajie unachotafuta: pikipiki, baiskeli, mtembea kwa miguu. Ukilitaja, umeliweka kwenye orodha ya ubongo.

Dhana: Simu ni hatari kwa sababu tu inashika mkono

David Strayer na William Johnston, Marekani, walilipima hili mwaka 2001. Watu walifuata alama kwenye skrini kwa kijiti cha kuongozea na kubonyeza kitufe cha breki kila taa nyekundu ilipowaka. Walipozungumza kwa simu, taa walizozikosa ziliongezeka zaidi ya maradufu, na walizoziona walizijibu kwa kuchelewa. Wenye simu mkononi na wasioishika hawakutofautiana. Kusikiliza redio hakukuleta madhara hayo. Kinachokula umakini ni mazungumzo yenyewe. Abiria aliye kando huona lori likikata mbele akanyamaza. Aliye upande wa pili wa simu haoni, anaendelea kuuliza.

Dhana: Jicho ni kamera inayoona kote kwa ukali ule ule

Sehemu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inayoona kwa ukali kamili inafunika takriban digrii 2 tu, yaani upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Kaza macho kwenye neno moja la ukurasa huu: maneno ya mwisho wa mstari hayasomeki. Macho hufidia kwa kuruka mara 3 hivi kila sekunde, na wakati wa kila mruko ubongo hupunguza mno kinachopokewa, ili dunia isionekane ikitikisika. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto kisha la kulia. Hutayaona yakisogea, ingawa aliye kando yako atayaona.

Kwa hiyo kugeuza shingo haraka kushoto na kulia hakutoshi. Pikipiki inaweza kuangukia kwenye pengo la wakati wa mruko, au nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele. Simamisha macho mahali patatu kila upande, mbali, kati na karibu. Rudia mara ya pili, na usogeze kichwa mbele na nyuma ili nguzo isifiche kitu.

Lipo pia doa pofu, pale mshipa wa neva unapotokea kwenye retina. Chora msalaba, na kulia kwake, umbali wa sentimita 7, weka nukta. Funga jicho la kushoto, kazia msalaba kwa la kulia, sogeza karatasi polepole kutoka sentimita 40. Kwenye sentimita 26 hivi nukta hutoweka. Huoni shimo, kwa kuwa ubongo umepaka hapo rangi ya karatasi.

Dhana: Gizani, kazia macho ndipo uone

Kinyume chake. Katikati kabisa ya retina hakuna seli za kuonea mwanga hafifu, zimejaa pembeni. Nyota dhaifu ukiikazia hupotea, ukitazama kando yake kidogo hurudi. Seli hizo huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili zifikie uwezo wake, na taa kali za gari lijalo huzirudisha nyuma. Likikukabili, peleka macho kwenye ukingo wa barabara wa upande wako na upunguze mwendo mpaka lipite.