Wapiti wa Kwenye Stendi Hajajazwa Majani

Ukialikwa nyumbani kwa mwindaji kule Colorado au Montana, Marekani, usishangae kukuta dume la wapiti, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, sebuleni. Si mzima. Ni kichwa, shingo na mabega tu juu ya stendi ya mbao, pembe zikikaribia dari. Wengine humwita elki, jina linaloleta mkanganyiko kwa sababu Ulaya hilo ni jina la mnyama mwingine kabisa. Wapiti ni neno la Washawnee, wenyeji wa Amerika Kaskazini, nalo linataja makalio yake meupe. Cha kuchekesha, stendi ya mabega haina makalio.

Swali la kwanza la mgeni ni lile lile: wamemjaza majani?

Hapana. Cha mnyama mwenyewe kilichobaki pale ni ngozi, pamoja na pembe na kipande cha utosi kinachozishika. Macho ni ya kioo. Akiwa ameachama kana kwamba analia, basi ulimi na fizi ni vya plastiki. Chini ya ngozi kuna kiunzi cha povu gumu la poliurethani. Mambo ya majani na vumbi la mbao ni ya zamani, enzi za kushindilia ngozi kama godoro mpaka simba anatoka amevimba kama kiriba. Anayetajwa sana kwa kuibadili kazi hiyo ni Mmarekani Carl Akeley. Yeye alifinyanga kwanza mwili wa udongo, msuli kwa msuli, akautolea kalibu ya plasta, na ndani ya kalibu akapata gamba jepesi la kuvalishwa ngozi. Tembo wake wawili wanaopigana, aliowatoa Afrika Mashariki, wako hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago. Mwenyewe alifia kwenye miteremko ya Mlima Mikeno, Kongo, mwaka 1926, akazikwa huko huko.

Kwa hiyo fundi wa kazi hii ni mchongaji kabla hajawa mtu wa ngozi. Wapo wanaodhani kiunzi kinanunuliwa dukani, kinavalishwa, kazi imekwisha. Kununuliwa kinanunuliwa kweli, tena kwa vipimo: kutoka kona ya jicho hadi ncha ya pua, kisha mzunguko wa shingo nyuma ya masikio. Lakini wapiti aliyewindwa Septemba, msimu wa kupandana, ana shingo iliyovimba, na kitundu cha tezi mbele ya jicho kimefunguka. Mvalishe shingo ya mnyama wa msimu mwingine uone: ngozi itakunjika kama soksi, na kila anayewajua wanyama hawa atatabasamu. Ndipo fundi anaposhika msumeno, anakata povu, anaigeuza shingo upande anaoutaka, anaiunganisha tena, kisha anajenga kope na pua kwa udongo. Mimi humpima fundi kwa jicho. Pembe hata kubwa namna gani haziokoi jicho lililokodolewa.

Dhana inayowagharimu watu zaidi ni kwamba stendi ni kichwa cha ukutani kilichopewa mguu. Ukuta unasitiri mengi. Kichwa kikitundikwa, mshono wa kisogoni hauonekani, na nyuma ya bega ni ubao uliobanwa kwenye ukuta. Kwenye stendi watu wanazunguka, wanainama, watoto wanachungulia kwa nyuma. Mshono lazima ufe ndani ya manyoya, na pale mwili unapokatikia pafungwe kwa namna inayopendeza, iwe kwa ngozi yenyewe, gome la mti au mbao iliyochongwa. Hilo linadai ngozi ndefu, na ngozi ndefu hukatwa porini, siyo karakana. Mwindaji akikata karibu na mabega, au akapasua koo kwa mazoea ya machinjoni, tayari amempunguzia fundi nafasi. Akate nyuma kabisa ya miguu ya mbele, kwenye mbavu. Ziada hupunguzwa, pungufu haliongezeki.

Halafu kuna uzito. Pembe za dume mkubwa zinaweza kufika kilo 18 kwa jozi, nazo zinaelemea upande kichwa kilikogeukia. Bila chuma kinachopita katikati ya povu hadi kwenye kitako kipana, utakuja kuliokota dume lako sakafuni.

Kuanika juani si kusindika ngozi. Bakteria hawangoji: nyama na mafuta visipokwanguliwa mapema na chumvi kupakwa hadi kwenye midomo na masikio, manyoya yatanyonyoka kwa mafungu hata kama ngozi inaonekana nzima. Baada ya chumvi huja maji ya asidi, kunyoa unene wa ngozi, dawa, mafuta. Ikishavalishwa, hukaa wiki kadhaa na pini zinazoishikilia ikikauka, maana inasinyaa na kuvuta kope zilizopangwa vizuri.

Kiswahili chenyewe kinatupoteza kwenye pembe. Tunasema pembe za tandala na pembe za wapiti kwa neno moja, wakati za tandala ni gamba la aina ya ukucha lililovaa mfupa, hazidondoki. Za wapiti ni mfupa mtupu: huanguka kila mwaka majira ya baridi yakiisha, kisha huota upya, na kwenye kilele cha kuota huongezeka hata sentimita 2.5 kwa siku.

Na kichwa kizima kisipakiwe garini kuvushwa jimbo hadi jimbo ovyo. Tangu 1967, ulipogunduliwa Colorado, ugonjwa wa kudhoofisha kulungu na jamaa zao umesambaa, na majimbo mengi yanakataza ubongo na uti wa mgongo kuvuka mpaka. Kipande cha utosi kilichosafishwa pamoja na pembe zake kwa kawaida huruhusiwa.

La mwisho ni la mlangoni. Watu hupima sebule, hupima dari, wakasahau mlango, na pembe za dume aliyekomaa hutanuka kupita mita 1. Mafundi wenye uzoefu hufunga pembe kwa vishikizo vya chuma ili ziweze kuchomolewa. Liulize hilo kabla kiunzi hakijakatwa.