Mafuriko ya Mto Lena hayaletwi na mvua

Wengi hudhani Mto Lena wa Siberia hufurika kwa sababu ya mvua kubwa, au kwa kuwa theluji ilizidi mwaka huo. Theluji ina mchango wake, ila chanzo hasa ni uelekeo wa mto. Lena huanzia milima iliyo kando ya Ziwa Baikal (hautoki ziwani, mto pekee utokao humo ni Angara) na kutiririka kaskazini kilomita 4,400 hivi hadi Bahari ya Laptev.

Kusini joto huwahi. Barafu ya huko huvunjika wakati ya kaskazini bado ni ngumu, na mji wa Yakutsk, ulio chini zaidi ya mto huo, hungoja hadi katikati au mwishoni mwa Mei. Mapande yanayoshuka hukwama penye kona, visiwa na maji mafupi, yakajirundika hadi kuziba njia. Maji hurudi nyuma na kupanda haraka. Ndivyo mji wa Lensk ulivyozama Mei 2001, hata ndege za kivita zikalipua barafu kwa mabomu.

Kinga huanza mapema: barafu hukatwa kwa misumeno, kisha humwagiwa mchanga au vumbi la makaa, kwani rangi nyeusi hunyonya jua.