Kwa nini gari lililooshwa vizuri hubaki na madoa likikaukia juani?

Wenye magari Nairobi wanalijua jambo hili, hasa wenye magari meusi au ya buluu iliyokoza. Gari limepigwa sabuni, limesuuzwa, linang'aa. Mwenyewe anaingia ndani kunywa chai. Akitoka baada ya nusu saa anakuta boneti na paa vimejaa viduara vyeupe, na akivisugua kwa kidole haviondoki. Lawama huiangukia sabuni, au kijana aliyesaidia kuosha. Mara nyingi si sabuni wala si kijana. Gari liliachwa likauke lenyewe, basi.

Jua linapokausha gari huchukua maji peke yake. Chochote kilichoyeyuka ndani ya maji hayo hakiwezi kupanda na mvuke, kwa hiyo hubaki juu ya rangi. Chungulia ndani ya birika la nyumba inayotumia maji ya kisima: ule ukoko mweupe ulioganda chini ni ndugu wa doa la kwenye boneti.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme maji unayotumia yana miligramu 500 za madini katika kila lita, na kwamba baada ya kusuuza, nusu lita imebaki imeng'ang'ania mwili wa gari. Jua likiyanywa maji hayo yote, robo gramu ya madini itabaki. Ni kidogo sana, na kama ingetandazwa sawasawa juu ya gari zima huenda usingeiona. Tatizo ni kwamba haitandazwi. Imegawanywa katika maelfu ya matone, na ndani ya kila tone imesukumwa pembeni.

Hilo la kusukumwa pembeni lina maelezo mazuri. Mwaka 1997, Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti kuhusu swali ambalo kila mtu amekutana nalo mezani: kwa nini doa la kahawa huwa na mstari mzito ukingoni na katikati huwa jepesi? Waligundua kwamba ukingo wa tone hushika mahali pake. Haurudi nyuma tone linapopungua. Pale ukingoni maji ni membamba na hukauka haraka kuliko kwingine. Ili kuziba upungufu huo, maji ya katikati hutiririka kuelekea pembeni, yakibeba chembe zilizomo. Tone linapokwisha, sehemu kubwa ya mzigo imeshatuliwa ukingoni. Ndiyo maana unaona viduara, wala si ukungu mweupe juu ya boneti nzima.

Joto nalo huongeza ubishi wa doa. Maji yenye chokaa huibeba kalsiamu, yaani madini ya chokaa, ikiwa katika hali ya baikaboneti, ambayo huyeyuka majini bila shida. Maji yakipata moto na kukauka, baikaboneti hiyo hugeuka kuwa kaboneti, na hii maji matupu hayaiyeyushi tena. Kwa hiyo kumwagia gari maji mara ya pili hakusaidii. Unaongeza madini mengine juu ya yale ya kwanza. Na joto la hapa si la mchezo. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jua la saa sita mchana mwezi wa Februari hupiga karibu wima, na bati jeusi lililoachwa juani linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Tone likianguka hapo hukauka kabla hujapata nafasi ya kulifuta.

Sasa maji yenyewe. Maji ya mfereji ya jiji hili hutoka kwa sehemu kubwa katika Bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70. Mengine hutoka mabwawa ya Sasumua na Ruiru, na chemchemi za Kikuyu. Maji ya Ndakaini ni ya mito inayoteremka kutoka misitu ya Aberdare. Hayakukaa muda mrefu ndani ya mwamba, kwa hiyo ni laini na hayana madini mengi. Anayeosha gari kwa maji hayo siku ya mgao atapata madoa hafifu.

Lakini mgao haufiki kila siku, na nyumba nyingi za Lang'ata, Karen na Kilimani huchota kisimani, au hununua maji ya bowza ambayo mnunuzi hajui yamejazwa wapi. Visima vya Nairobi vimepenya tabaka za mawe ya volkano. Maji yaliyolala humo miaka na miaka yameyeyusha sodiamu, baikaboneti, floraidi na silika, yaani madini yaliyomo pia kwenye mchanga. Wenyeji huyaita maji ya chumvi, na jina hilo halikosei. Katika hivyo vyote, mbaya zaidi kwa gari ni silika, kwa sababu siki haiiyeyushi, na kwenye kioo hung'ang'ania kuliko mahali pengine popote, maana kioo chenyewe kimetengenezwa kwa silika.

Kama nyumba yako ina mfereji wa paa na tangi la mvua, hapo una hazina. Maji ya mvua karibu hayana madini. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la mabati na ipite zake, kisha kinga ya baadaye. Osha gari kwa maji ya kisima ukipenda, ila ndoo ya mwisho ya kusuuza iwe ya mvua. Kwa maoni yangu ndoo hiyo moja ina faida kuliko chupa nyingi za dawa za kung'arisha.

Kuna imani kwamba tone la maji hufanya kazi ya lenzi, likikusanya miale ya jua na kuunguza rangi. Sikubaliani nayo. Tone lililolala juu ya kitu laini hukusanya mwanga mbali zaidi, chini ya pale lilipolala, kwa hiyo moto haufiki kwenye uso wenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Hungaria walilipima jambo hili kwenye majani ya mimea na kuona kwamba matone juu ya majani laini hayaunguzi. Uharibifu wa rangi ni wa madini. Yakiachwa wiki baada ya wiki, yakipashwa moto mchana na kuloweshwa na umande usiku, huanza kula ule utando mwangavu wa juu unaoifunika rangi ya gari. Utando huo kwa kawaida una unene wa mikromita 40 hadi 50 tu, yaani sehemu 4 hadi 5 za mia za milimita. Ukishaliwa, hakuna kufuta tena. Ni kazi ya fundi na mashine yake.

Nta nayo inahitaji kueleweka. Gari lililopakwa nta huyafanya maji yasimame kama shanga, na wenye magari hufurahia kuona hivyo. Shanga hizo huteleza na kudondoka kwa urahisi, jambo jema. Ila zile zinazobaki juu ya paa na boneti zimebeba madini yao mahali padogo, na zikikaukia hapo huacha alama kali. Nta hurahisisha kufuta, haikuondolei kazi ya kufuta.

Basi gari lifutwe kabla halijakauka, likiwa kivulini, bati likiwa limepoa. Ligusie boneti kwa nyuma ya kiganja. Kama joto linakufanya uondoe mkono, ngoja. Kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni ni wakati mzuri. Julai, mawingu yakitanda kutwa nzima, una nafasi zaidi. Kama huna kivuli, osha sehemu moja na uifute kabisa kabla ya kuhamia nyingine. Suuza ya mwisho usinyunyize. Toa kile kichwa cha mpira wa maji na uache maji yamiminike polepole kuanzia juu ya paa. Maji yanayoshuka kwa pamoja huyavuta na matone mengine, na unabaki na kazi ndogo.

Kuhusu kitambaa, hapa ndipo magari mengi ya Nairobi huumizwa. Vumbi letu, jekundu la upande wa Karen na Limuru au jeusi la Embakasi na Syokimau, lina chembe ngumu zinazoweza kukwaruza utando ule mwembamba. Chembe moja ikinaswa chini ya kitambaa ikaburutwa boneti nzima, unapata mikwaruzo ya mviringo inayoonekana jua likipiga. Fulana kuukuu ya pamba hunywa maji vizuri, lakini mishono yake ni migumu. Jezi ya kandanda haifai kabisa, maana polyesta yake nyororo hueneza maji tu. Raba ya kufutia vioo iache kwenye vioo vya nyumba. Punje ikikaa kwenye ukingo wake huchora mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kitambaa cha maikrofaiba ndicho ninachokipendekeza bila kusita. Nyuzi zake ni polyesta na nailoni, zimepasuliwa kuwa nyembamba mno, na mianya kati yake hunyonya maji. Manyoya yake pia huinua punje na kuiweka mbali na rangi, jambo ambalo ngozi laini ya kufutia magari haiwezi, kwa kuwa uso wake ni bapa. Tandaza kitambaa kizima juu ya boneti, kishike pembe mbili, kivute kuelekea kwako bila kukandamiza. Anza na paa na vioo, teremka kwenye boneti, buti na milango. Sehemu za chini karibu na tairi zifutwe mwisho, kwa kitambaa kingine. Kikidondoka chini kimestaafu siku hiyo. Ukikifua, usichanganye na taulo za pamba na usitie dawa ya kulainisha nguo, kwa maana huziba nyuzi na kitambaa hakinywi tena.

Doa ambalo limeshakauka lijaribu na siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya mvua nusu kwa nusu. Loanisha kitambaa, kiweke juu ya doa dakika moja, futa, kisha suuza vizuri na ukaushe. Chokaa itatoka. Isipotoka, ni silika au utando umeshaliwa, na kusugua kwa nguvu kutaleta mikwaruzo.

Maji mengine hujificha: nyuma ya vioo vya pembeni, ndani ya vitasa, kwenye kifuniko cha mafuta, kuzunguka nambari ya gari. Ukishafuta, hayo hutiririka na kuacha michirizi. Fungua milango yote, buti na boneti, upitishe kitambaa kwenye kingo. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na tope, maji hukaa humo na kutu huanzia ndani usikoona.

Wengine hutoka mbio hadi Thika Road ili upepo ulikaushe gari. Upepo hutoa maji yaliyojificha, hilo kweli, lakini gari bichi hunasa vumbi lote la njiani. Lifute kwanza, kisha liendeshe polepole mtaani ukigusa breki mara kadhaa. Diski za chuma hushika kutu nyembamba muda mfupi baada ya kulowa, na breki zilizolowa hushika kwa uvivu. Msuguano na joto la kukanyaga huziondolea vyote viwili. Usiliegeshe likiwa bichi na breki ya mkono imevutwa usiku kucha, maana pedi zinaweza kugandana na chuma, na asubuhi gari likakataa kutoka.